UCHAMBUZI: Sheria yalinda nembo ya kipuri huku vumbi likimaliza injini

KATIKA maduka ya vipuri yaliyosongamana kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, eneo ambalo wengi wangali wanaliita Grogan, kichujio cha hewa cha gari moja dogo huweza kupatikana kwa bei nne au tano tofauti. Vyote vina umbo moja, vyote vina karatasi iliyokunjwakunjwa na ukingo wa mpira, na vyote hutoshea katika kisanduku kile kile kando ya injini. Anayenunua hana namna ya kubaini kwa macho ni kipi kitakachozuia vumbi na ni kipi kitakacholipitisha.

Ndiposa wengi huamua kwa kutazama bei. Wengine humwachia fundi amnunulie mwenye gari hiyo 'ea klina', kama inavyoitwa katika gereji nyingi, na hawajui kilichonunuliwa ni kipi hadi siku ya kuuza gari, au hata wasijue kamwe.

Kwa miaka mingi, mjadala wa vipuri vya magari nchini umejikita katika suala moja: bidhaa ghushi. Maafisa huvamia maghala, makatoni yenye nembo za kuigwa hunaswa, na picha zake huchapishwa. Hatua hizo ni muhimu. Hata hivyo, zimeacha pengo ambalo halizungumzwi. Kipuri kinaweza kuwa na nembo halali, kikalipiwa ushuru na kuuzwa kwa risiti, na bado kikawa dhaifu kwa kazi iliyokusudiwa. Sheria inayomwadhibu anayeiga nembo haimlazimu anayeuza kichujio kusema kichujio hicho kinazuia vumbi kwa kiasi gani.

Pengo hilo linawagharimu wenye magari, na kwa kuwa hasara yake huja polepole, ni wachache wanaoitambua.

Hewa kuliko petroli

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni sharti kwanza kuelewa kwamba injini hutumia hewa nyingi kuliko petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Lita moja ya petroli, kwa hivyo, huenda sambamba na takriban kilo 11 za hewa, ujazo unaozidi lita 9,000 katika maeneo ya pwani. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi zaidi na ujazo huo huongezeka.

Gari dogo linalotumia lita 40 za petroli kutoka Mombasa hadi Nairobi huvuta hewa inayopita lita 360,000 katika safari hiyo moja. Hewa yote hiyo hupitia kipande kimoja cha karatasi ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa daftari la mwanafunzi kabla ya kukunjuliwa.

Nchini Kenya hewa hiyo hubeba vumbi jingi. Mtandao wa barabara nchini unazidi kilomita 160,000, na sehemu iliyotiwa lami haifikii hata robo yake. Kajiado, Makueni, Turkana na Garissa, gari hutembea ndani ya wingu la vumbi lililoachwa na gari lililotangulia. Hata jijini, barabara nyingi za mitaani ni za changarawe, na maeneo ya ujenzi hayakosekani.

Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva kutoka ng'ambo walikumbana na vumbi laini la Naivasha ambalo wenyewe huliita 'fesh-fesh'. Ni jepesi kama unga, na hupenya kila mahali. Timu za magari hayo ya thamani kubwa zimewahi kuyafunga mabomba yanayovuta hewa kutoka juu ili injini zisisongwe. Mkulima anayepeleka maziwa kwa pikapu mjini Naivasha hupita katika vumbi la aina iyo hiyo mwaka mzima bila bomba lolote. Kinachosimama kati ya injini yake na vumbi hilo ni kichujio alichonunua.

Chembe zinazodhuru zaidi si zile zinazoonekana kwa macho. Mchanga mkubwa hunaswa na karibu kichujio chochote. Hatari kuu ni chembe za ukubwa wa maikroni 5 hadi 20 hivi, ilhali unywele wa binadamu una upana wa maikroni 70 kwa makadirio. Chembe hizo hutoshana na unene wa utando wa oili uliopo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikiingia hapo, hukwaruza pande zote mbili.

Sehemu kubwa ya vumbi ni silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, chenye daraja 10, jiwe la kwatzi ambalo ni silika tupu liko katika daraja la 7, juu ya chuma cha kawaida. Vumbi hilo linapochanganyika na oili ndani ya injini, huwa kama tope la kung'arishia vyuma. Husaga polepole, safari baada ya safari. Bandu bandu huisha gogo.

Ahadi ya kuokoa petroli

Bei ya mafuta imewafanya wenye magari kutafuta kila njia ya kupunguza gharama. Ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Oktoba mwaka huo, lita moja ya petroli ilifika Sh217.36 jijini Nairobi. Julai 2024, ushuru wa kukarabati barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita, ingawa bei ya jumla ilikuwa imeshuka kutoka kilele cha awali.

Katika mazingira hayo, wauzaji wa vichujio wamepata maneno matamu ya kuwavutia wateja. Kichujio fulani, husemwa, 'kinafungua injini', kinaongeza nguvu na kuokoa petroli. Vichujio vya pamba iliyopakwa mafuta, ambavyo huoshwa na kutumiwa tena, husifiwa sana kwa sababu hiyo na huuzwa kwa bei ya juu.

Ushahidi uliopo hauungi mkono ahadi hiyo kwa magari mengi ya sasa. Mwaka wa 2009, watafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Oak Ridge nchini Marekani walichunguza athari za kichujio kilichoziba kwa matumizi ya mafuta. Waligundua kwamba katika magari ya kisasa yanayodhibitiwa kwa kompyuta, kuziba kwa kichujio hakukubadilisha kwa kiasi cha maana matumizi ya petroli. Kilichopungua ni kasi ya gari kuchapuka dereva anapokanyaga hadi mwisho. Gari la zamani la kabureta ndilo lililoonyesha tofauti katika matumizi ya mafuta.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Katika injini ya kisasa ya petroli, kompyuta hupima hewa iliyoingia kisha ikatoa petroli inayolingana nayo. Hewa ikipungua, petroli nayo hupungua. Aidha, katika uendeshaji wa kila siku, dereva mwenyewe huibana hewa hiyo kwa mguu wake: mlango wa hewa ulio mbele ya injini hufunguka kwa sehemu tu. Kichujio kikibana kidogo, dereva hukanyaga zaidi kidogo pasipo kutambua, na hewa ile ile huingia. Kwa mantiki iyo hiyo, kichujio kinachopitisha hewa nyingi zaidi hakiwezi kuokoa petroli katika gari ambalo halikuwa limebanwa hapo awali.

Kwa hivyo anayechagua kichujio kwa kutarajia kuokoa mafuta anatumia kigezo kisichofaa. Hatari ni kwamba kigezo hicho kinaweza kumpeleka mahali pabaya. Njia rahisi kabisa ya kufanya hewa ipite kwa wingi ni kutengeneza kichujio chenye matundu makubwa, na matundu yanayopitisha hewa kwa wepesi hupitisha pia vumbi. Mtengenezaji hodari hutatua tatizo hilo kwa kuongeza eneo la karatasi na ubora wa nyuzi zake. Asiyejali huacha matundu yawe makubwa.

Vichujio vya pamba na mafuta si vibaya kwa asili yake, na vina wapenzi wake hasa katika mashindano. Lakini vinahitaji nidhamu. Visipopakwa mafuta ya kutosha, hupitisha vumbi. Vikipakwa kupita kiasi, mafuta hayo huweza kuvutwa na kutua juu ya kihisi kinachopima hewa, na injini ikaanza kuyumba. Katika gereji ambako kazi hiyo hufanywa kwa kukisia, karatasi ya kawaida iliyo bora ndiyo salama zaidi.

Mbadala si ghushi

Jambo jingine linalowapotosha wanunuzi ni kuchanganya vipuri vya aina mbili tofauti. Kipuri mbadala ni kile kilichotengenezwa na kampuni isiyo ya gari lenyewe, kikauzwa kwa jina la kampuni hiyo, waziwazi. Kipuri ghushi ni kile kinachojidai kuwa cha mwingine. Cha kwanza ni biashara halali. Cha pili ni uhalifu.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu kampuni nyingi za magari hazitengenezi vichujio zenyewe. Huagiza kutoka kwa wataalamu kama vile Denso ya Japani au Mann+Hummel na Mahle za Ujerumani, kisha vikatiwa katika boksi lenye nembo ya gari. Wataalamu hao hao huuza vichujio kwa majina yao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu. Mnunuzi anayekataa kila kisicho na nembo ya gari lake huenda analipia boksi tu.

Kwa upande mwingine, jina lisilojulikana si thibitisho la ubovu, wala jina kubwa si kinga, kwa kuwa ni majina makubwa yanayoigwa na waghushi. Hakuna anayehangaika kuiga nembo isiyouzika.

Wenye magari mapya yaliyo chini ya dhamana hukabiliwa na tatizo la ziada. Huambiwa kwamba wakitumia kipuri kisicho cha kampuni, dhamana yao itabatilika. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka wa 1975 inakataza kampuni kumfunga mteja kwa vipuri vyake ili adumishe dhamana, isipokuwa ikimpa vipuri hivyo bure au ikipewa idhini maalumu na serikali. Nchini Kenya, mwenye gari hana budi kuisoma dhamana yake kwa makini kabla ya kubadilisha chochote.

Asilimia zinazohadaa

Kipimo cha ubora wa kichujio kipo, nacho kinatambuliwa kote duniani. Kiwango cha ISO 5011 kinaeleza namna ya kukijaribu kichujio cha hewa cha injini katika maabara. Vumbi maalumu lenye chembe za ukubwa unaojulikana hupulizwa kwa mpango kupitia kichujio, na lile linalopenya hunaswa upande wa pili na kupimwa uzito. Kutokana na jaribio hilo hupatikana majibu matatu: kichujio kinazuia asilimia ngapi ya vumbi, kinabana hewa kwa kiasi gani, na kinaweza kubeba gramu ngapi za vumbi kabla ya kuziba.

Jibu la kwanza ndilo lenye uzito zaidi kwa Mkenya wa kawaida, na ndilo linaloweza kumhadaa. Kichujio kinachozuia asilimia 97 ya vumbi na kile kinachozuia asilimia 99.5 huonekana kana kwamba vinakaribiana. Katika mtihani wa shule, wanafunzi wenye alama hizo wangehesabiwa kuwa sawa. Lakini injini haipati kile kilichozuiwa. Hupata kile kilichopita. Katika kila gramu 100 za vumbi, kichujio cha kwanza hupitisha gramu 3 na cha pili nusu gramu. Tofauti ni ya mara sita.

Takwimu hizo hazichapishwi kwenye maboksi mengi yanayouzwa madukani. Badala yake huchapishwa picha ya gari, bendera ya nchi na maneno ya sifa. Mnunuzi huachwa atumie ishara ndogondogo.

Baadhi ya ishara hizo ni za maana. Nambari ya kipuri ndiyo ya kwanza. Kila kichujio cha asili kina nambari yake (kwa mfano, nambari za vichujio vya hewa vya Toyota huanza na 17801) na kampuni ya vipuri mbadala yenye kujiheshimu huonyesha katika orodha yake ni nambari ipi inayolingana nayo. Kununua kwa kumwambia mwenye duka 'ya Fielder' au 'ya Probox' hakutoshi, kwani gari la jina moja huweza kuwa na injini tofauti kulingana na mwaka.

Ya pili ni ukingo. Ukingo wa mpira unapaswa kuwa laini, sawasawa kila upande, usio na mapengo kwenye pembe. Karatasi bora kuliko zote haina faida ikiwa hewa inapata njia kando yake. Ya tatu ni mikunjo: iwe mingi, yenye nafasi sawa, na isiyolegea ikiguswa. Kichujio chenye mikunjo michache kuliko cha asili kina karatasi kidogo, hivyo huziba mapema.

Uthibitisho wa mwisho hupatikana baada ya kichujio kutumika. Kisanduku kikifunguliwa, upande wa kuelekea injini unapaswa kuwa safi. Kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya bomba hilo na kutoka na vumbi, ama kichujio kinapitisha, ama ukingo haushiki, ama mpira wa bomba umepasuka. Hakuna nembo inayoweza kuukanusha ushahidi huo.

Gereji na kompresa

Hata kichujio bora huweza kuharibiwa na mazoea. Katika gereji nyingi, kila gari linapofanyiwa huduma, fundi hukitoa kichujio, akakipigapiga kwenye tairi au ukutani, kisha akakipuliza kwa kompresa. Mwenye gari hufurahi kuona vumbi likiruka na kuamini kwamba ameokoa pesa.

Ukweli ni kinyume. Kichujio cha karatasi huzuia vumbi vyema zaidi kinapokuwa kimetumika kwa muda, kwa sababu vumbi lililokwisha kunaswa huunda tabaka linalosaidia kunasa chembe nyingine ndogo zaidi. Kichujio kipya ndicho kinachopitisha mengi. Upepo wa kompresa huliondoa tabaka hilo, na ukiwa mkali huweza kuchana nyuzi za karatasi kwa matundu yasiyoonekana kwa macho. Kukipigapiga nako hukunja ukingo, kisha kikarejeshwa kikiwa hakishiki.

Kwa hivyo kufungua kisanduku kila mara pasipo sababu ni madhara, si uangalifu. Vitabu vya watengenezaji wa magari hutoa ratiba mbili: moja ya mazingira ya kawaida na nyingine fupi zaidi ya barabara za vumbi. Gari lililoletwa likiwa limetumika huko Japani, ambako barabara nyingi zina lami, mara nyingi hufika bila kitabu hicho au likiwa na kitabu cha Kijapani. Anayelitumia Kitengela au Mwingi anapaswa kufuata ratiba ile fupi, akaweka kipya wakati wake ukifika badala ya kufufua cha zamani. Malori mengi yana kidude cha kuonyesha kichujio kilipoziba, na hicho ndicho mwongozo bora kuliko kukisia.

Anayelipa gharama

Swali ambalo wachambuzi wa biashara ya vipuri hawana budi kuuliza ni hili: ikiwa kichujio kibovu kinaharibu injini, kwa nini soko lisikiadhibu? Bidhaa mbaya hukimbiwa na wateja. Breki mbovu hujulikana siku iyo hiyo, na betri mbovu hujulikana katika miezi michache.

Kichujio hakifuati kanuni hiyo. Madhara yake huchukua kilomita makumi ya maelfu kujitokeza: injini kuanza kula oili, moshi wa samawati, nguvu kupungua milimani. Kufikia wakati huo, boksi lilishatupwa, duka limesahaulika na fundi amebadilishwa mara tatu. Hakuna anayeweza kuthibitisha chanzo.

Isitoshe, mara nyingi anayechagua kichujio si anayepata hasara. Dereva wa teksi ya kidijitali aliyekodi gari kwa malipo ya kila wiki hana sababu ya kununua kichujio cha bei ghali kitakachorefusha maisha ya injini ya mtu mwingine. Dereva wa matatu hufikiria hesabu ya jioni anayopaswa kumpelekea mwenye gari. Fundi hunufaika na tofauti kati ya pesa alizopewa na bei aliyolipa dukani. Mwenye gari naye, akikusudia kuliuza baada ya miaka mitatu, anaweza kumwachia mnunuzi anayefuata mzigo huo.

Magari nchini hupitia mikono mingi. Kanuni ya KS 1515 huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, lakini yakishaingia hutumika kwa miaka mingi zaidi. Anayeishia kulipa ni yule wa mwisho: kijana aliyechukua mkopo wa sacco kununua gari la mkono wa tatu ili aanze biashara ya uchukuzi, kisha akalazimika kuifungua injini kwa makumi ya maelfu ya shilingi kabla mkopo haujaisha. Gari likiwa gereji, marejesho ya mkopo hayasimami.

Sheria iliyoangalia nembo

Kenya haijakosa sheria. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 iliunda taasisi ambayo leo ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi (ACA), na inaruhusu anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza kufungwa hadi miaka mitano. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa tangu 2005 likitaka bidhaa zikaguliwe katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa, na hutoa alama ambazo mnunuzi anaweza kuzithibitisha kwa kutuma ujumbe mfupi kwa nambari 20023.

Lakini sheria ya bidhaa ghushi kimsingi hulinda haki ya mwenye nembo. Haipimi vumbi. Nayo alama ya ubora humwambia mnunuzi kwamba bidhaa imepita. Haimwambii imepita kwa kiasi gani ikilinganishwa na ile iliyo kando yake kwenye rafu. Ni kama mzazi aambiwe mtoto amefaulu mtihani, asionyeshwe alama.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na vilevile haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilitungwa kwa msingi huo. Haki ya kujua ndiyo ambayo haijatekelezwa kwenye boksi la kichujio.

Si vigumu kuitekeleza. Kinachohitajika ni kumtaka kila anayeleta au kutengeneza kichujio cha hewa achapishe kwenye boksi takwimu mbili zilizopatikana kwa kipimo cha ISO 5011: asilimia ya vumbi kinalozuia, na gramu za vumbi kinazoweza kubeba. Majokofu na taa za umeme zimekwisha kuzoeleka zikiwa na vibandiko vya matumizi ya kawi. Mwenye kusema uongo kwenye boksi atakuwa amejitia mwenyewe katika mikono ya sheria.

Watakaopinga watasema kwamba majaribio hugharimu pesa, na gharama hiyo itamfikia mnunuzi wa chini. Hoja hiyo ina ukweli, kwani kwa mwagizaji mdogo anayeleta katoni chache, kipimo cha maabara ni mzigo. Hata hivyo, kampuni zinazotengeneza vichujio kwa kiwango kikubwa tayari huvijaribu, kwa kuwa wateja wao ni watengenezaji wa magari wanaodai takwimu hizo. Kwao, kuchapisha ni gharama ya wino. Aidha, takwimu zinaweza kumfaa yule yule mfanyabiashara mdogo: kichujio cha bei nafuu kilichopata asilimia 99 kitaweza kushindana na cha bei ghali kwa haki, jambo lisilowezekana leo ambapo silaha pekee ya kushindana ni kupunguza bei.

Tena si lazima kungojea sheria. Serikali yenyewe, ambayo imekuwa ikikodi magari ya polisi tangu 2013 na inamiliki maelfu mengine katika wizara na kaunti, inaweza kudai takwimu hizo katika zabuni zake za vipuri na matengenezo. Sacco za matatu, ambazo huwakilisha magari mengi kwa pamoja, zinaweza kununua vichujio kwa jumla kwa sharti lilo hilo. Zinaweza pia kupeleka sampuli za oili iliyotumika maabarani ili kupima kiwango cha silikoni, njia ambayo makampuni makubwa ya malori na migodi hutumia kugundua vumbi ndani ya injini kabla ya moshi kuanza. Mwagizaji atakayewakosa wateja wa aina hiyo atatafuta takwimu mwenyewe pasipo kusukumwa.

Mpaka hilo litakapofanyika, mzigo utabaki kwa mwenye gari. Akumbuke kwamba hanunui nguvu wala petroli. Ananunua kizuizi cha vumbi. Atafute nambari inayolingana, akague ukingo na mikunjo, anunue kwa muuzaji anayetoa risiti, akatae kupulizwa kwa kompresa, na baada ya majuma machache apitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba. Kitambaa kikitoka na vumbi, akirudishe kichujio dukani pamoja na risiti yake na kudai pesa zake. Wauzaji wakianza kurudishiwa vichujio, waagizaji nao wataanza kuulizwa maswali ambayo hadi sasa hakuna anayewauliza.